Kina cha Maji

Neno kina lina makazi mawili katika Kiswahili. Kwenye makazi ya kwanza linaishi na maji: kina cha ziwa, kina cha kisima, kina cha mto uliofurika. Kwenye makazi ya pili linaishi na washairi: kina cha kati, kina cha mwisho, vina vilivyolingana na vina vilivyokosana. Kamusi huyatenga kama maneno mawili yasiyo na udugu, nami kwa miaka mingi, darasani mjini Bunda, nimeyafundisha hivyo hivyo. Aliyenifanya niyasikie kama neno moja hakuwa mshairi wala mwanaisimu. Alikuwa baba yangu, dereva mstaafu, na somo lenyewe lilitolewa mbele ya boneti iliyofunguliwa.

Gari la baba ni Land Rover ya toleo la tatu, toleo lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Injini yake ni ya petroli, yenye ujazo wa sentimita 2,286. Baba aliliendesha miaka mingi likiwa mali ya serikali. Lilipochoka likapigwa mnada, naye akalinunua kwa akiba yake yote. Wakati huo tulikuwa tukiishi Musoma, chini ya mlima Mukendo, nami nikiwa darasa la tano. Tangu juma lile la kwanza nilipewa kazi ambayo watoto wengine wa mtaa wetu hawakuwa nayo: kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, kuangalia kina cha maji kwenye rejeta.

Magari ya siku hizi yana chupa ya plastiki pembeni mwa injini, yenye alama mbili, ya chini na ya juu. Mtu huchungulia ubavuni mwa chupa kama anayetazama chai kwenye glasi, akaenda zake. Gari letu halikuwa na chupa ya namna hiyo. Kujua maji yamefika wapi kulitaka ufungue mfuniko wa rejeta yenyewe na kutazama ndani. Na kabla ya kuufungua palikuwa na masharti manne, ambayo baba alinikaririsha mpaka nikawa nayasema usingizini. Kwanza, gari lisimame mahali tambarare, maana mteremko hudanganya macho. Pili, injini iwe imelala usiku kucha na kupoa kabisa. Tatu, shika tambara zito, hata kama unajua ni baridi, kwa kuwa mazoea ndiyo yatakayokuokoa siku utakayosahau. Nne, usifungue kwa mkupuo mmoja. Zungusha mfuniko hadi kituo cha kwanza, usikilize. Ukisikia unapumua, ngoja. Ukinyamaza, kandamiza na umalizie.

Kina sahihi hakikuwa kujaa hadi kumwagika. Baba alitaka maji yakome upana wa kidole chini ya shingo ya rejeta. "Maji yakipata moto yanatanuka," alisema. "Yaachie mahali pa kupumulia." Miaka mingi baadaye nilipoanza kutunga, nikawa najaza kila mshororo maneno mazito mwanzo hadi mwisho, mhariri mmoja aliniandikia kwamba mashairi yangu yamebanana mno. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa hayo nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Nina kovu kwenye mkono wa kulia, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Nililipata mwaka uliofuata. Tulikuwa tukirudi Musoma kutoka Bunda, jua la saa nane likiwa kali, mkanda wa feni ukiwa umelegea bila sisi kujua. Mshale wa geji ukapanda, mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti, baba akaegesha kando ya barabara. Alifungua boneti, akaniambia, "Usiguse kitu," akashika ndoo na kwenda kutafuta maji kwenye nyumba za jirani. Mimi, mtoto mwenye kazi yake ya kila asubuhi, niliona aibu kukaa bure. Nikachukua tambara. Nikazungusha mfuniko hadi kituo cha kwanza, nikasikia unapumua kwa ukali. Sikungoja.

Leo naweza kueleza kilichotokea. Ziwa Viktoria lipo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi yetu ya Mara huanzia hapo na kupanda. Katika mwinuko huo maji ya sufuriani hayangoji nyuzi 100 ili yachemke. Hutokota kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta una springi inayoyabana maji ndani, na kwa kubanwa huko yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuwa mvuke. Ukiufungua ghafla, kile kilichoyazuia kimeondoka, na maji yanageuka mvuke papo hapo, yote kwa pamoja, yakitafuta njia. Njia waliyoipata siku ile ilikuwa mkono wangu.

Baba aliporudi na ndoo hakunigombeza. Alinimwagia maji yale yote mkononi, kidogo kidogo, mpaka ndoo ikaisha, kisha akarudi kuomba mengine kwa ajili ya gari. Alipoyaleta hakuyamimina. Tulikaa chini ya mti zaidi ya saa nzima. Nililia na kumwuliza kwa nini hatuendi. Alinijibu kwamba maji ya baridi yakikutana na chuma kilichokauka kwa moto, chuma hupasuka. "Ukifungua kikiwa cha moto utaungua. Ukimwagia kikiwa cha moto kitapasuka. Kwa hiyo tunakaa."

Ndugu msomaji, wewe mpenzi wa lugha utaniwia radhi nikikuomba tusimame kidogo kwenye maneno yenyewe, kwa sababu nyumbani kwetu maneno haya yalikuwa sehemu ya vifaa vya kazi kama spana na jeki.

Gari likizidiwa na joto tunasema limechemsha. Mitaani, mtu akishindwa mtihani au akiharibu jambo lililokuwa mikononi mwake, naye amechemsha. Sikio langu halijawahi kuyatenga matumizi hayo mawili: nikisikia kijana anasema "nimechemsha", mimi humwona kando ya barabara, boneti juu, akitafuta ndoo.

Halafu kuna poza na pooza. Niliwahi kuwaandalia wanafunzi wangu karatasi ya ufahamu kuhusu utunzaji wa magari, nikaandika "kiowevu cha kupooza injini". Baba aliisoma kwa miwani yake, akairudisha. "Injini ikipooza, mama, haiendi popote." Huniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mzazi wake. Wapo wanaoziandika na kuzitamka sauti hizo kama kitu kimoja, lakini tangu siku ile mimi nazitenga. Kupoza ni kukifanya kilicho moto kipoe, na ni jirani wa kuponya. Kupooza ni kupoteza nguvu za viungo. Irabu moja tu iliyorefushwa, na mganga anageuka kuwa maradhi.

Na rejeta. Neno hili lilitufikia kutoka Kiingereza, kupitia vinywa vya madereva na mafundi waliolinyoosha mpaka likakaa vizuri ulimini. Baba aliamini kwa dhati kwamba limetokana na kurejea. Maji hutoka kwenye rejeta yakiwa yamepoa, yakazunguka ndani ya injini yakibeba joto, kisha yakarejea kupozwa. "Sasa ungeliitaje kama si rejeta?" aliniuliza. Mimi, mwalimu wa Kiswahili mwenye shahada, sikuthubutu kumsahihisha. Asili ya neno haikuwa hiyo, lakini maana aliyolipa ilikuwa kamili kuliko ile ya asili.

Si ajabu kwamba mawazo haya hunijia zaidi nikiwa njiani kwenda Butiama. Pale ndipo alipozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na ndipo alipozikwa mwaka 1999, na sisi tunaoshughulika na lugha tuna sababu yetu ya pekee ya kumkumbuka: alitufasiria Shakespeare. Alipoleta tamthilia ya mfanyabiashara wa Venisi mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Watu husoma neno bepari wakasikia siasa tu. Lakini neno hilo nalo lilikuja kwa majahazi kutoka upande wa Bara Hindi, na huko lilimaanisha mchuuzi, mfanyabiashara. Neno lilisafiri, likabeba joto la nchi mpya, likawa na maana ya pili bila kuitupa ya kwanza. Ndivyo maneno yaendavyo. Baba asingetumia mfano wa Shakespeare, ila alikuwa na kauli yake juu ya jambo hilo hilo, na kwayo sasa naingia kwenye kisa chenyewe.

Baada ya kustaafu na kufiwa na mama, baba alirudi kuishi Butiama pamoja na mjukuu wake mmoja. Macho yake yalipoanza kufifia alinikabidhi funguo za gari. Likahamia kwangu Bunda, nami nikarithi upya kazi ya utotoni: kila asubuhi, kina cha maji. Kila Jumamosi nililiendesha kwenda kumwona, barabara kuu ya kuelekea Sirari, kupita Kiabakari hadi Makutano, pale ambapo wa Musoma hukata kushoto na wa Butiama hukata kulia.

Mwezi wa Machi mwaka jana maji yakaanza kupungua. Jioni naacha kina sawasawa. Safari moja, na asubuhi kidole changu hakiyafikii. Niliinama chini ya gari, ardhi ilikuwa kavu. Nilipapasa mipira ya juu na ya chini, nikakaza vibano vyake, mikavu. Fundi wa karibu aliangalia, akakuna kichwa, akaniambia nimwage dawa ya kuziba rejeta. Sikumwaga, kwa kuwa najua dawa hiyo haichagui tundu la kuziba. Huziba na vile vijia vyembamba ambamo maji yanapaswa kupita.

Mdogo wangu, anayeishi Mwanza, nilipomsimulia kwa simu alijibu upesi, kama aliyekuwa na jibu mfukoni. "Dada, uza. Wanunuzi wa chuma chakavu watalipima kwa kilo na pesa utapata. Unamwaga mshahara kwenye kitu kinachokufa." Nilimjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Naye akanijibu mengine, kwamba mimi ndiye niliyezoea kufanya kila kitu cha baba kuwa changu. Nikakata simu. Kwa wiki tatu hatukusalimiana. Nilikuwa nimefungua mfuniko ukiwa wa moto, mtu mzima, mwenye kovu.

Katika wiki hizo niliandika ubeti. Jumamosi nikamsomea baba, maana hupenda kusikia vina, japo hajawahi kutunga.

Asubuhi natazama, kina tena kimeshuka,
Uvunguni nainama, tone halijadondoka,
Hata fundi amekwama, jawabu hajalishika,
Yamepotea mazima, nimechoka kuyasaka.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mizani ilimridhisha, alihesabu kwa vidole gotini. Kisha akasema, "Mstari wa mwisho umedanganya."

"Umedanganya vipi, baba?"

"Maji hayapotei, mama. Yanakwenda mahali."

Hiyo ndiyo kauli yake niliyoitaja. Nilikuwa nimeisikia tangu utoto, lakini siku hiyo alinifafanulia kama daktari anayemfundisha daktari mwenzake. Maji ya injini yana njia tatu tu za kuondoka, alisema. Yatoke nje, uyaone. Yaingie ndani, uyanuse. Au yatoke nje na kukauka kabla hujayaona. Akaanza kuniuliza. Je, oili kwenye kijiti cha kupimia ina rangi ya maziwa? Hapana, ni safi. Je, moshi wa asubuhi ni mweupe na mzito, hauishi? Hapana. Je, nikiwasha injini nikiwa nimefungua mfuniko, mapovu yanapanda mfululizo? Hapana. "Basi gasketi ya silinda hedi ni nzima. Hayaingii ndani. Yanatoka nje na kukauka. Kesho, injini ikiwa baridi, pitisha kidole nyuma ya feni, chini ya pampu. Unitafutie kutu."

Wakati akisema hayo alikunywa maji. Alimaliza kikombe, akamwita mjukuu alete kingine, akakimaliza nacho. Niliona. Naandika kwamba niliona, kwa sababu ndiyo sehemu ya kisa hiki inayonisuta: niliona na sikuuliza.

Asubuhi ya Jumapili, nyumbani Bunda, kidole changu kilitoka nyuma ya feni kikiwa na unga wa rangi ya tofali. Jumatatu ilikuwa sikukuu. Nililipeleka gari Musoma, kwa fundi aliyefundishwa kazi na rafiki wa baba. Alifungua pampu ya maji, akaigeuza juani, akanyamaza. Kisha akaniita. "Mwalimu, njoo uone."

Chini ya mwili wa pampu ile kuna tundu dogo, la upana wa punje ya mtama. Baba hulitaja kwa jina la tundu la machozi. Limewekwa makusudi na walioiunda pampu, kati ya kizuizi cha maji na beringi inayobeba mhimili. Kizuizi kikianza kuchakaa, maji machache hutoka kwa tundu hilo na kudondoka, na dereva akiona anajua: pampu inalia, itazamwe. Tundu hilo halisababishi uvujaji. Linautangaza. Na mtu akiliziba, maji hayaachi kutoka. Hugeukia kwenye beringi, huiozesha kwa kutu, hupita mbele kwenye mhimili, na feni ikizunguka huyatawanya juu ya injini ya moto ambako hukauka papo hapo. Tone halidondoki. Uvungu unabaki mkavu. Na siku beringi ikikatika, feni inaweza kuiparua rejeta.

Tundu letu lilikuwa limezibwa kwa gundi ya chuma. Kazi safi, iliyosuguliwa kwa msasa ikalainika.

Nilimpigia mdogo wangu simu kwa sababu pampu mpya isingepatikana ila Mwanza. Sikumwomba radhi, naye hakuniomba. Nilimwambia maji yalikokuwa yakienda. Akauliza namba ya pampu. Kesho yake mchana basi lilishusha boksi lenye jina langu, na ndani, juu ya pampu, alikuwa ameweka galoni ya kulanti ambayo sikuiagiza.

Ni kweli kwamba huku kwetu hakuna barafu, na wengi hutumia maji matupu. Lakini kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya baridi peke yake. Glikoli iliyomo hupandisha kiwango cha maji kuchemka, na dawa zilizochanganywa nayo huzuia kutu na ukoko ndani ya injini. Tuliichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua, maana baba hakuwahi kuruhusu ya kisima wala ya ziwani. Fundi akanikumbusha kuihifadhi mbali na watoto na mbwa, kwa kuwa ni tamu ulimini na ni sumu tumboni.

Jumamosi nikaenda Butiama. Mshale wa geji haukutikisika njia nzima. Nilikuwa nimeifunga pampu ya zamani katika kitambaa, nikaiweka mapajani mwa baba. Aliipapasa, kidole kikafika kwenye tundu, kikatulia hapo.

"Ni mimi," alisema.

Mimi nilidhani ni fundi fulani wa njiani. Hata mdogo wangu nilimdhania. Baba akaendelea, sauti ikiwa chini. Aliliziba mwaka mmoja kabla ya kunipa funguo. Pampu ilikuwa imeanza kulia, pesa ya pampu mpya hakuwa nayo, na kutuomba hakutaka. "Nilijua mkiliona linadondosha mtasema limezeeka, liuzwe. Nikasema acha lisionekane likilia."

Mjukuu aliingia na mtungi mdogo, akammiminia. Akanywa. Nikamwuliza yule mtoto, polepole, babu anakunywa vikombe vingapi kwa siku. Akasema, "Shangazi, babu anamaliza mtungi. Na usiku anatoka nje mara nyingi, mimi nampeleka na tochi." Nikatazama shati la baba, jinsi kola ilivyoacha nafasi shingoni. Nikakumbuka macho yaliyofifia.

"Baba," nilisema, "na wewe, maji yako yanakwenda wapi?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilijizuia kuongeza neno. Ningeweza kumlaumu, joto lilikuwepo. Nilikumbuka saa ile nzima chini ya mti. Tukakaa. Mwishowe alisema kwamba ni miezi mingi, kwamba alijua jina la ugonjwa kwa kuwa mama yake alikuwa nao, na kwamba hakutaka tumwone akidondosha.

Tuliondoka mchana ule ule. Alikaa mbele, kwenye kiti cha abiria cha gari aliloliendesha nusu ya maisha yake, mkono mmoja juu ya dashibodi kama anayemtuliza ng'ombe. Tulipofika Makutano hatukukata kwenda Bunda; tulinyoosha kuelekea Musoma. Hospitalini walimchoma kidole, wakatazama kipimo, wakakirudia. Sukari ilikuwa juu sana. Alilazwa siku sita. Daktari alituambia kwamba wiki chache zaidi zingetosha kumwangusha asinyanyuke. Mdogo wangu alifika siku ya pili kwa basi la asubuhi. Aliponisalimu, "Shikamoo, dada," sauti yake ilikwama katikati, nami nikaitikia na kumpokea begi.

Nikiwa nimekaa kando ya kitanda niliurekebisha mshororo wa mwisho, baba akausikiliza, akahesabu mizani kwa vidole juu ya shuka:

Maji yangu yamehama, nambie yalikofika.

"Huo sasa haudanganyi," alisema.

Tangu hapo sifundishi tena kina na kina kama maneno yasiyojuana. Sidai kuwa asili yake ni moja. Hilo nawaachia wataalamu. Nasema tu kwamba yote mawili hunitaka kitu kimoja: kufika kwenye kiwango kila mara, bila kukisia, na kikikosekana kuuliza kimekwenda wapi kabla ya kukifunika kwa maneno mengine. Nimesahihisha mashairi mengi ya wanafunzi, na yangu, ambamo mtunzi ameziba tundu la machozi na kusugua kwa msasa mpaka mstari ukalainika. Vina vinalingana, mizani imetimia, uvungu ni mkavu. Na ndani kuna kutu.

Swali la istilahi halijanitoka. Mafundi husema kulanti. Baba husema maji ya rejeta hata yakiwa ya kijani kwa dawa. Mimi nimeanza kuandika maji ya kupoza, yenye o moja, kwa heshima ya aliyenisahihisha. Mwenye neno bora na alitoe, mradi limejaribiwa kwanza kwenye kinywa cha fundi.

Baba sasa anaishi nami Bunda. Asubuhi mimi hufungua boneti, yeye hukaa kwenye kigoda mlangoni na kifaa chake kidogo cha kupimia sukari. Tuna daftari moja. Upande wa kushoto naandika kina cha maji. Upande wa kulia yeye huandika kipimo chake, kwa herufi kubwa ili aweze kuzisoma. Siku nyingine huongeza maoni. Leo ameandika: Gari, sawa. Mimi, juu kidogo. Tutazame.